Bolti ya Kibarazani

Lushoto
12 Agosti 2024

Mpwa wangu Elinuru,

Kosa wanalofanya watu wengi wanaoanza kupima mvutano wa dunia ni kudhani kwamba kazi imekwisha wakishasoma kituo cha mwisho. Haijaisha. Nimeanza na hilo kabla ya salamu, na mama yako akijua atasema uzee umenitoa adabu, kwa hiyo narudi nyuma nisalimie.

Hatujambo huku. Baridi ya mwaka huu ni kali, ukungu unakaa bondeni mpaka saa nne, na watu wa Lukozi wanalalamika viazi vimeungua kwa jalidi. Mama yako ni mzima, isipokuwa goti. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio. Kwenye simu nasikia nusu ya neno na nusu nyingine naibuni, ndiyo maana nakuandikia barua kama watu wa zamani. Nimempa kondakta wa basi la Dodoma.

Habari isiyo nzuri ni ya mama yako mkubwa Bertha, kule Kwemvumo. Nyumba yake imepigwa X nyekundu. Unajua lile bwawa linalojengwa chini ya bonde. Wapimaji wamepigilia vigingi kuonyesha maji yatakapofika, na kila nyumba iliyo ndani ya vigingi inatakiwa ihamwe kabla ya tarehe 30 Novemba. Ziko nyumba tisa. Ya Bertha imeingia ndani kwa hatua kumi na tano tu. Amewaambia watakaotaka kumtoa waje na machela.

Sasa niseme nililotaka kusema. Mchungaji ameniambia kwamba mwezi wa saba mlikuja na chombo chenu cha kupimia mvutano, na kwamba wewe ulipiga magoti kwenye kibaraza cha kanisa karibu saa nzima, juu ya bolti yangu. Siku hiyo nilikuwa nimeshuka Irente. Uliondoka bila kupita nyumbani kunywa chai. Sikulaumu. Kazi ya ofisi ina haraka zake.

Bolti ile ya shaba niliiweka mwenyewe mwaka 1984, nikiwa mpimaji kijana kuliko wewe ulivyo sasa. Ofisini kwenu ina kadi yake, na kwenye kadi kuna namba mbili: kimo chake juu ya usawa wa bahari, na mvutano wa dunia mahali pale. Karibu kila anayekuja kupima kitu katika milima hii huanzia hapo.

Turudi kwenye kosa la wengi. Ndani ya chombo chenu kuna kizito kidogo kinachoning'inia kwenye springi. Dunia ikivuta zaidi, springi inarefuka. Ikivuta kidogo, inafupika. Lakini springi huchoka. Mwambie mtu anyooshe mkono na kushika ndoo ya maji: saa ya kwanza mkono uko juu, saa ya tatu umeshuka, na ndoo haijaongezeka hata tone. Ndivyo chombo kinavyosoma jioni tofauti na asubuhi, na mlima haujabadilika. Dawa yake ni kurudi siku ileile ulikoanzia, usome tena, ujue springi imekudanganya kiasi gani ili uigawe hiyo hitilafu katika vituo vyote vya siku. Asiyerudi hana vipimo. Ana orodha ya namba.

Basi nauliza kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake: mzunguko wenu ulifungaje mliporudi mlikoanzia? Na bolti yangu iliwapa namba gani? Niandikie namba yenyewe. Usiniandikie neno "vizuri."

Mjomba wako,
Alen


Dodoma
3 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilikaa siku kumi na tisa kwenye ofisi ya basi kwa sababu uliandika jina langu bila namba ya simu. Nimeipata juzi. Mimi sijambo. Dodoma ni vumbi na upepo, midomo inapasuka. Ninakaa chumba kimoja na dada mmoja wa Singida anaitwa Happiness, anayeniamini sana isipokuwa kwenye suala la kuosha sufuria.

Mwambie mama nimepata maharage aliyotuma. Kuhusu mama mkubwa Bertha nimesikitika sana. Sikujua kwamba mstari umefika kwake. Vigingi vile vilipimwa na kikosi kingine, si chetu. Mwambie nampa pole, na kwamba nitaulizia.

Kazi yetu ilikwenda vizuri. Nisamehe, nimeliandika hilo neno. Tulianzia kituo cha chini, Mombo, tukapanda mpaka Lushoto, tukarudi Mombo jioni ileile, siku tatu mfululizo. Hakuna siku tuliyoacha kurudi. Bolti yako ipo na inang'aa. Wanawake wa zamu ya usafi wanaipiga dekio kila Jumamosi. Bwana Heri, kiongozi wa kikosi chetu, amefurahi. Ripoti inafungwa mwisho wa Oktoba, halafu namba zinaingia kwenye jedwali la nchi nzima. Zikishaingia huko hazifunguliwi tena kwa urahisi.

Kuna jambo moja dogo, la udadisi tu. Kile kibaraza cha kanisa kilijengwa lini? Niliona saruji yake ni changa kuliko ukuta.

Samahani kwa ile chai. Gari lilikuwa linangoja.

Mpwa wako,
Elinuru


Lushoto
15 Septemba 2024

Mpwa wangu Elinuru,

Marahaba. Onga maundo, kama wanavyosema wenye nchi yao, maana nakuandikia asubuhi kabla jua halijatoka nyuma ya mlima. Mama yako anakusalimu. Goti linaendelea. Mbuzi wa jirani ameingia tena kwenye karoti zangu na jirani anasema si mbuzi wake, ni mbuzi anayefanana naye.

Namba sijaiona kwenye barua yako. Huenda ulisahau.

Nimepata muda wa kutosha, kwa hiyo nikueleze jambo ambalo nilikuwa nikiwaeleza wasaidizi wangu kila tulipofika Irente, pale mlima unapokatika na kuliacha bonde chini. Nilikuwa natundika timazi kwa uzi wa mita moja na kuwauliza: inaelekea wapi? Wote walijibu, chini. Nawaambia hapana. Inaelekea chini na kidogo nyuma, kwa sababu mlima mzima uko nyuma yetu na unaivuta. Kidogo chenyewe ni kama unene wa unywele. Hakuna jicho linaloweza kukiona. Lakini maji yanakiona. Maji hutulia kwa kufuata mvutano, hayatulii kwa kufuata mstari uliochorwa ofisini. Siku hizi mna vyombo vya satelaiti vinavyotoa kimo cha mahali popote kwa dakika moja, na vijana wanafikiri wamemaliza. Satelaiti inapima kutoka kwenye yai laini lililobuniwa na wenye hesabu. Bahari halisi, kama tungeweza kuichimbia njia ikapita chini ya Usambara, isingekaa kama lile yai. Ingeinuka na kuinama kwa kufuata mvutano wa milima. Kwa hiyo anayetaka kujua maji yatasimama wapi lazima ajue mvutano, kituo kwa kituo. Kwa ajili hiyo mnabeba kile chombo na kukilinda kama yai la kuku.

Hata mizani ya springi inajua. Gunia la kilo mia la kabichi, ukilipima Tanga pwani kisha ukalileta hapa bila kung'oa jani, litakuwa limepungua kama gramu thelathini. Kabichi ni zilezile. Tumesogea mbali na kitovu cha dunia, basi.

Jumapili tulipotoka ibadani, Bertha alinishika mkono wa koti.

"Alen," akasema, "wewe umepima milima hii mpaka mgongo ukapinda. Niambie. Wale vijana hawajakosea?"

"Dada, namba ni namba."

"Sikukuuliza kama namba ni namba. Kinyonga pia ni kinyonga. Nakuuliza kama iko sahihi."

Watu walikuwa wanapita, wengine wamesimama kusikiliza. Nikamwambia iko sahihi.

Akaniachia koti. Akasema, "Basi. Kama umesema wewe." Akaenda zake.

Kuhusu kibaraza, majengo ya kanisa yana historia ndefu. Tutazungumza ukija Krismasi.

Mjomba wako,
Alen


Dodoma
6 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Happiness amepata kazi Iringa na ameniachia sufuria zote.

Barua hii nimeiandika mara tatu na kuchana mara mbili. Hukunijibu nilichouliza, na mimi sikukujibu ulichouliza. Naanza mimi kwa sababu ndimi mdogo.

Namba iliyopo kwenye kadi ya bolti yako tunaijua wote wawili. Mimi nilisoma pungufu yake kwa sifuri nukta kumi na mbili ya miligali, hicho kipimo chetu cha mvutano. Najua kwa mtu mwingine hicho si kitu. Ni kama kupoteza punje moja kwenye magunia mengi ya mahindi. Lakini chombo chetu kinaona hata sehemu ya kumi ya hiyo, na mzunguko ulifunga Mombo siku zote tatu. Siku ya kwanza sifuri nukta kumi na mbili. Siku ya pili ileile. Siku ya tatu niliwaomba wenzangu washuke kwenye gari wanywe soda, nikasoma mara nne peke yangu. Ileile.

Bwana Heri aliniuliza kama namba ya Lushoto inalingana na kadi. Chini ya kadi kuna jina lako kwa mwandiko wako. Nilidhani ni chombo chenu cha mwaka 1984 kilichokosea, na sikutaka ofisi nzima ijue kwamba mjomba wangu, anayesimuliwa kule kama mtu asiyekosea, alikosea. Nikasema inalingana. Kwenye jedwali la ripoti niliondoa namba yangu nikaandika ya kadi. Karatasi za shambani, zenye vipimo nilivyosoma palepale, ninazo mimi.

Hicho ndicho nilichofanya. Sasa nakuambia nilichogundua tangu hapo.

Nimeliona faili la bwawa. Ukuta wa bwawa ulipimwa kimo chake kutoka alama iliyoko barabara ya Soni. Vigingi vya Kwemvumo vilipimwa na watu wengine, kwa darubini na rula, kuanzia kwenye bolti yako. Ukuta umeshika alama moja, vigingi vimeshika nyingine, na hakuna aliyehangaika, kwa sababu kadi zote mbili zina muhuri.

Ulinifundisha wewe, nikiwa darasa la saba, kwamba ukipanda mita moja mvutano hupungua kwa karibu sifuri nukta thelathini na moja ya miligali. Gawanya mwenyewe. Mimi nimegawanya. Sidhani tena kwamba chombo chenu kilikosea.

Kwa hiyo nauliza tena, na safari hii si udadisi. Kibaraza kilijengwa lini?

Mpwa wako,
Elinuru


Dodoma
2 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Leo ni karibu mwezi. Nimepiga simu kwa kondakta, anasema bahasha ulipewa mkononi tarehe 13 na ukamshukuru. Kwa hiyo najua umeisoma.

Mama amenipigia jana. Anasema wewe ni mzima, unakwenda kanisani, unakaa benchi la nyuma. Anasema mvua za vuli zimeanza na mama mkubwa ameanza kutoa mabati. Jirani yake Dotto, yule aliyekuja zamani kuchuma chai, ndiye anayepanda juu. Mama alimuuliza dada yake kwa nini anajiharakisha na bado kuna majuma manne. Amejibu, "Alen amesema namba iko sahihi. Ninangoja nini?"

Nimemwomba Bwana Heri aongeze muda wa ripoti. Nilimwambia kuna mchoro haujakamilika, na huo ulikuwa uongo wa pili. Ameongeza mpaka tarehe 15. Baada ya hapo inapigwa muhuri, na namba ya uongo niliyoiandika itasema kwamba bolti yako haijasogea tangu 1984.

Nikisema peke yangu, nitakuwa nimekushitaki bila kukusikia. Nikinyamaza, mama mkubwa atalala nje. Sijui kwa nini unanifanya nichague mimi.

Elinuru


Lushoto
8 Novemba 2024

Mpwa wangu Elinuru,

Marahaba. Mama yako hajambo. Mimi sijambo kiafya. Barua hii haiendi na kondakta. Nimempa Mussa, mtoto wa mjumbe wetu, anayekuja Dodoma kwenye usaili. Ameahidi kukupa mkononi Jumatatu asubuhi, kabla hujaingia ofisini.

Kibaraza kilijengwa Mei 2009.

Kila masika maji yalikuwa yanaingia kanisani kutoka uani, na kamati ya ujenzi ikaamua kukiinua. Mwenyekiti wa kamati nilikuwa mimi. Nilikuwa nimestaafu miezi minane. Fundi alikuwa Ismaili, yule Mwislamu aliyejenga nusu ya kanisa letu na kutania kwamba ana hisa. Nilimwambia aizunguke bolti, aiachie shimo. Siku moja nilichelewa kufika, nikakuta saruji ya zamani imeshavunjwa yote. Ismaili akanijia na bolti kiganjani, kama daktari anayemwonyesha mtu jino lake.

"Mzee, hii ni ya nini?"

Nikamwambia, "Ni yangu."

Kabla ya kazi kuanza nilikuwa nimetundika timazi kutoka kwenye boriti ya paa, ncha yake ikigusa kichwa cha bolti. Kwa hiyo mahali pake nilipajua. Walipomwaga zege jipya niliipandikiza mwenyewe, palepale, chini ya timazi. Ilikaa vizuri kuliko mara ya kwanza. Niliifurahia, na nakuambia hili ili uelewe upumbavu wa fundi: niliitazama ilivyonyooka nikasahau kwa dakika kadhaa kwamba imepanda. Kisha nikapima. Sentimita thelathini na tisa. Nikaandika kwenye daftari langu, na tarehe.

Barua ya kwenda ofisini niliiandika wiki hiyohiyo. Ilibaki kwenye droo. Mtu anayeng'oa alama ya upimaji anavunja sheria, na miaka thelathini nilikuwa nikisema hivyo katika kila kijiji. Niliwahi kumpeleka mkulima mmoja wa Bumbuli kwa mtendaji kwa sababu jembe lake liligonga alama. Aliniomba radhi mbele ya watoto wake na sikukubali. Sasa niandike kwamba mimi, mwenyekiti wa kamati, nimeacha yangu ing'olewe? Nikasema nitaandika baada ya mavuno. Kisha baada ya Krismasi. Mwaka ukipita juu ya jambo, jambo linakuwa zito zaidi kulitamka, na watu wanalisahau, na wewe unaanza kujifanya umelisahau.

Mwezi Agosti nilikuuliza mzunguko ulifungaje. Sikuwa nauliza kama mwalimu. Nilitaka kujua kama chombo kimeniona.

Bertha aliponiuliza Septemba nilijua bolti imepanda, na nilihisi kwamba vigingi vimeanzia pale, kwa sababu karibu kila mtu huanzia pale. Nikasema iko sahihi. Barua yako ya Oktoba ilipokuja sikuwa na cha kuhisi tena. Ulikuwa umeandika kila kitu. Niliiweka kwenye droo ileile.

Kama hujamaliza hesabu, mimi nimeimaliza. Bolti iko juu ya namba ya kadi kwa sentimita thelathini na tisa, kwa hiyo vigingi vyote viko juu ya maji kwa sentimita thelathini na tisa. Mlimani hiyo si kitu. Lakini sakafu ya bonde la Kwemvumo imelala. Unatembea karibu hatua mia kabla hujapanda mita moja. Maana yake mstari wa kweli uko nyuma ya vigingi, kuelekea bwawani, kwa hatua kama thelathini na tisa. Nyumba ya Bertha imeingia kwa kumi na tano. Nimepita kwa miguu nyumba zote tisa. Saba zimesalimika. Mbili za chini, kweli maji yatazifikia.

Juzi nilikwenda kwake. Mabati ya upande wa jikoni yalikuwa chini, yamepangwa ukutani, na Dotto alikuwa juu anang'oa misumari ya upande wa pili. Bertha alikuwa ameketi kwenye kigogo, anainyoosha kwa jiwe misumari iliyong'olewa. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Hakunikaribisha kuketi.

"Kwa hiyo ulijua," akasema.

"Nilijua bolti imepanda. Kwamba walianzia pale, nilihisi."

"Na ukapata hakika lini?"

"Barua ya Elinuru. Tarehe kumi na tatu Oktoba."

Alinyoosha msumari mmoja mpaka mwisho, akauweka kwenye kopo. "Mabati nimeanza kuyatoa tarehe ishirini na nane."

Nikasema, "Dada, nisamehe."

"Hiyo iweke pembeni kwanza, tutaikuta. Dotto!"

"Naam, mama."

"Shuka uchukue bati uanze kurudisha. Huyu mzee atashika ngazi."

Dotto akachungulia chini, akanitazama miguu. "Huyu? Mama, mimi nina watoto."

"Atashika. Ameshika ulimi miaka kumi na mitano, ngazi haiwezi kumshinda."

Nilishika ngazi mpaka saa kumi. Mvua ilitunyeshea. Mara moja Bertha aliniambia nisogeze mguu.

Lakini kurudisha mabati si kuondoa X. Tarehe 30 watakuja na karatasi yenye muhuri, na mimi nitakuwa na nini mkononi? Daftari la mzee. Nimeandika kwa ofisi yenu barua ninamokiri kila nilichokuandikia hapa, nimeisaini, na nakala yake imo ndani ya bahasha hii. Sasa jiweke mahali pa yule atakayeisoma. Mwenye nyumba ni dada yake. Daftari ni lake. Tarehe ameiandika mwenyewe. Miaka kumi na mitano hakusema, na leo nyumba ya dada yake imepigwa X, amekumbuka. Mimi ningekuwa kwenye kiti hicho ningecheka na kuiweka pembeni.

Watakuja kupima upya? Labda, mwakani, wakipata gari.

Kitu pekee kisicho na undugu na Bertha ni ile springi. Ilipima bolti siku tatu mikononi mwa mtu aliyekuwa hajui kibaraza kimeinuliwa, mtu aliyetamani namba ilingane na kadi, na ikakataa siku zote tatu. Sifuri nukta kumi na mbili, ukigawanya, inatoa sentimita thelathini na tisa, ileile ya daftari langu. Mambo mawili yasiyojuana yakitoa jibu moja, hata mimi nisingecheka. Lakini ushahidi huo haumo kwenye ripoti. Umeuondoa. Na huwezi kuurudisha bila kusema nani aliuondoa na kwa nini.

Umeuliza kwa nini nakufanya uchague. Ni swali la haki. Nilikuachia uchague kwa sababu niliogopa, na ulikuwa mbali, na u mdogo kwangu, na ilikuwa rahisi. Leo nakupunguzia: uchaguzi nimeufanya mimi, na lawama yake ni yangu, niliyekulea ukiamini kwamba jina langu kwenye kadi ni kitu cha kulindwa. Halikuwa. Liliandikwa pale ili, namba ikikosewa, watu wajue wa kumuuliza.

Sitakuambia kwamba Bwana Heri atakuelewa. Simjui. Huenda wakakusimamisha. Huenda wakakuondoa, na mama yako asiniongeleshe tena, naye atakuwa na haki. Usiandike kwamba chombo kilikuwa na hitilafu. Usiandike kwamba ulipitiwa. Usingoje barua yangu ifike kwanza ili yako ionekane ndogo.

Leo, kabla hujakaa kwenye meza yako, mpelekee Bwana Heri zile karatasi za shambani za siku zote tatu, na umwambie kwa mdomo wako kwamba namba ya Lushoto iliyo kwenye ripoti uliibadilisha wewe.

Mjomba wako,
Alen